Dhamira ya Shirika Si Orodha ya Shughuli: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu ambaye kazi yake ni kuyasaidia mashirika yasiyo ya kiserikali kupanga mikakati na kuandika maandiko ya miradi hulisikia neno hili kuhusu dhamira, yaani maelezo mafupi ya kazi ya shirika, hadi likamchosha: "Tusipoitaja shughuli hiyo kwenye dhamira, wafadhili watadhani hatuifanyi." Husemwa kwa nia njema, aghalabu na mkurugenzi aliyejitoa kwa moyo wote, na huharibu dhamira nyingi kuliko kosa lolote la lugha. Kwa hiyo nitaanza na hilo na kulivalia njuga; mengine nitayapitia haraka.

Dhana potofu: Dhamira kamili hutaja kila jambo ambalo shirika hufanya.

Ukweli ni kwamba dhamira hujibu maswali matatu tu: shirika linamhudumia nani, linamfanyia nini hasa, na maisha ya mtu huyo yanabadilika vipi kwa sababu hiyo. Orodha ya shughuli mahali pake ni kwenye mpango mkakati, na shughuli za mwaka mmoja mahali pake ni kwenye mpango kazi na bajeti. Mfadhili anayetaka kujua kama shirika huendesha mafunzo ya ujasiriamali haitafuti habari hiyo kwenye dhamira. Husoma andiko, hukagua bajeti, kisha hudai ripoti ya mwaka uliopita pamoja na hesabu zilizokaguliwa.

Chanzo cha dhana hii kinaeleweka. Shirika linaposajiliwa huandika katika katiba yake madhumuni ambayo ndiyo mipaka ya kazi zake kisheria, na kwa kuwa kufanya jambo lililo nje ya mipaka hiyo kunaweza kuliletea matatizo, wanasheria huyaandika madhumuni hayo kwa upana kadiri wawezavyo. Ndani ya katiba, upana huo ni busara. Kosa huja pale mtu anapoyanakili madhumuni hayo yote, akayaunga kwa "na" na "pamoja na", kisha akayaita dhamira. Chanzo cha pili ni warsha ya kuandika dhamira, ambako kila mjumbe huja na neno lake, mwenyekiti hana ujasiri wa kufuta neno la mtu yeyote, na jioni hupatikana mkataba wa amani baina ya idara, unaosomwa kwa makofi na kusahaulika kabla ya watu kufika nyumbani.

Tazama sentensi hii, ambayo nimeitunga mwenyewe lakini haitamshangaza aliyewahi kuhudhuria warsha hizo: "Kuchangia maendeleo endelevu na jumuishi kwa kuwawezesha wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyo pembezoni kupitia utetezi, ujenzi wa uwezo, utafiti, ufugaji wa kuku na msaada wa kisheria, kwa kushirikiana na wadau mbalimbali." Ukiondoa kuku na sheria, unaweza kulifunika jina la shirika hilo na kuweka la shirika la afya, la mazingira au la michezo, na hakuna atakayegundua. "Kuchangia" hakumfungi mtu kwa matokeo yoyote, kwa sababu kila mtu huchangia. "Makundi mengine" yanaifuta orodha yote iliyotangulia, maana sasa hakuna asiyekuwamo. "Wadau mbalimbali" hawaongezi habari yoyote, kwa kuwa hakuna shirika linalofanya kazi peke yake.

Sasa tuseme kwamba ukilitembelea shirika hilo siku yoyote ya kazi utawakuta mawakili wawili na wasaidizi wa kisheria wakiwahudumia wajane wenye kesi za mirathi. Basi dhamira yake ni hii: "Tunawapa wajane msaada wa kisheria bila malipo ili wasinyang'anywe nyumba na ardhi walizoachiwa na waume zao." Ni maneno 16. Vipindi vya redio kuhusu mirathi, mafunzo kwa viongozi wa mitaa na utafiti juu ya mwenendo wa kesi vyote vinaingia chini ya sentensi hiyo bila kutajwa. Kuku, ambao waliingia mwaka mmoja kwa sababu palikuwa na fedha za kuku, wamebaki nje, na faida ya dhamira hiyo mpya inaanzia hapo: bodi sasa ina sababu iliyoandikwa ya kukataa mradi usiowahusu.

Anayedhani kwamba ufupi wa namna hiyo unayafaa mashirika madogo peke yake aitazame Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanzishwa mwaka 1863. Sentensi ya kwanza ya dhamira yake inasema kwamba ni shirika lisilopendelea, lisiloegemea upande wowote na lililo huru, ambalo kazi yake, ya kibinadamu pekee, ni kulinda uhai na utu wa waathirika wa vita na hali nyingine za ukatili, na kuwapa msaada. Kamati hiyo hukarabati mifumo ya maji, huwatembelea wafungwa, huwatafuta waliopotezana na jamaa zao na hutengeneza viungo bandia. Sentensi hiyo haikitaji hata kimoja kati ya hivyo, na bado vyote vimo.

Ushauri wangu, ambao wengi huupokea kwa kununa, ni kwamba kabla ya kuandika dhamira bodi iandike kwanza mambo matatu ambayo shirika litayakataa hata likiletewa fedha mkononi. Bodi inayoshindwa kuyataja haijawa tayari kuandika dhamira. Ikiyapata, mtu mmoja aandike rasimu, wa pili aipunguze, na bodi iidhinishe au iirudishe, lakini isiruhusiwe kuongeza neno.

Dhana potofu: Kufupisha ni kupunguza maneno.

"Kuwezesha jamii kujiletea maendeleo endelevu" ni maneno matano na haisemi kitu. Ufupi hutokana na uamuzi. Mkasi hauwezi kuuleta pale ambapo hakuna kilichoamuliwa. Kikomo cha maneno 20 au 25 ni nidhamu nzuri, lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni mhasibu au mlinzi wa lango: aweze kumweleza mgeni kazi ya shirika kwa maneno yanayokaribia ya dhamira, bila kutazama ukutani.

Dhana potofu: Dira na dhamira ni kitu kimoja.

Dira ni hali ya dunia inayotamaniwa; dhamira ni kazi ambayo shirika hili linaifanya ili hali hiyo ikaribie. Wakfu wa Wikimedia, unaoendesha Wikipedia, una dira ya dunia ambayo kila binadamu anaweza kushiriki kwa uhuru katika jumla ya maarifa yote. Dhamira yake ni kuwawezesha na kuwashirikisha watu kote duniani kukusanya na kuendeleza maudhui ya elimu yaliyo huru kutumika, na kuyasambaza. (Ndiyo, nao wametumia "kuwawezesha", lakini papo hapo wakasema kufanya nini.)

Dhana potofu: Lugha ya kitaalamu huwavutia wafadhili.

Afisa aliyekwisha kusoma rundo la maandiko tangu asubuhi hana hamu ya kukutana tena na "afua mtambuka".

Dhana potofu: Dhamira ikishapitishwa haibadilishwi.

Shirika la Marekani ambalo leo linaitwa March of Dimes lilianzishwa mwaka 1938 na Rais Franklin D. Roosevelt kupambana na polio. Mwaka 1955 chanjo ya Jonas Salk, ambayo utafiti wake ulifadhiliwa na shirika hilo, ilitangazwa kuwa salama na yenye ufanisi, na mwaka 1958 shirika likageukia kasoro za kuzaliwa. Kazi iliyokwisha, au walengwa waliobadilika, ni sababu halali ya kuandika upya. Tangazo jipya la ruzuku si sababu. Kabla ya kubadilisha, isomeni katiba, kwa maana dhamira mpya ikivuka madhumuni yaliyosajiliwa, katiba yenyewe italazimika kurekebishwa kwa utaratibu wake. Na mkishabadilisha, iondoeni ile ya zamani siku hiyohiyo kwenye barua, tovuti na vipeperushi, kwa sababu mkaguzi atakayekuta dhamira mbili atauliza ni ipi iliyotumika kuombea fedha.