Keki ya Krismasi kwenye joto la Malindi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ikiingia Desemba na kaskazi ikaanza kuvuma, simu yangu haipoi. "Dada, zabibu zote zimezama chini." "Dada, katikati mbichi, juu imekuwa mkaa." "Dada, imeota ukungu, na maelezo yalisema itakaa miezi mitatu!" Naoka keki za kuuza hapa Malindi, upande wa Maweni, na karibu kila swali hunirudisha palepale: keki hii ya matunda ilikulia Uingereza, ambako Desemba ni baridi. Maelezo yake yakisema "joto la chumba", ni chumba cha kule. Chumba changu adhuhuri ya Desemba kina nyuzi 30 za Selsiasi na kupanda, na unyevu wa bahari juu yake.

Haya ndiyo maneno ninayoyasikia zaidi.

"Keki ya matunda bila pombe si keki."

Naanza na hili kwa sababu katika mji wetu si suala la ladha peke yake. Nyumba yangu imeshikana ukuta na ya mama mmoja Muislamu. Idi ikifika huniletea kaimati, na Krismasi mimi humpelekea keki, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Mwaka wa kwanza aliipokea, kisha akanishika mkono palepale mlangoni, sauti chini:

"Mwanangu, humu hamna kileo?"

"Hamna, mama. Matunda nimeyaroweka kwa maji ya machungwa na chai ya rangi."

"Basi ahsante. Watoto watafurahi."

Pombe ndani ya keki hii ina kazi mbili: harufu, na kuzuia ukungu ili keki ikae wiki nyingi kabatini. Harufu unaweza kuitafuta kwa ganda la chungwa lililokunwa, mdalasini, kungumanga na sukari guru. Ile kazi ya pili huna haja nayo kama keki italiwa ndani ya wiki moja na una friji.

Lakini liko neno baya zaidi, nalo husemwa kwa nia njema: "Usijali, pombe yote imeungua motoni." Si kweli. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, hilo ni sahihi, ila ikishachanganyika na unga, mayai na sukari haitoki kwa mkupuo. Majedwali ya idara ya kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba chakula kilichochanganywa na pombe kikapikwa saa moja hubaki na kama asilimia 25 ya pombe yake. Saa mbili, asilimia 10. Saa mbili na nusu, asilimia 5. Na hiyo ni pombe iliyopita motoni. Wale wanaoitoboa keki kijiti na kuinywesha ramu kila Jumapili baada ya kuiva, hiyo haijaungua hata tone. Kwa hivyo jirani akikuuliza, mwambie ilivyo. Kumlisha mtu asichokila kisha ukatulia ati moto umeisafisha, mimi siwezi.

"Huna ramu? Tia mnazi."

Nimewahi kuulizwa hili na bwana mmoja kutoka Kakoneni, na alikuwa hatanii. Mnazi, ile pombe inayogemwa mtini, ni mwepesi, nguvu yake inakaribiana na ya bia, wakati ramu au brandi huwa na pombe kama asilimia 40. Tena mnazi hautulii. Uliogemwa asubuhi, jioni ni mkali, na ukiuacha siku chache unakaribia siki. Ndiyo maana wazee wetu waliutumia kuumua mikate ya unga wa mchele: ndani yake mna hamira hai inayofanya kazi. Keki ya matunda haitaki kuumuliwa namna hiyo, na kwa kuhifadhi haukusaidii kitu.

"Matunda yaroweke mwezi mzima."

Kwenye ramu, sawa. Kwenye maji ya machungwa, katika joto letu, ukiyaacha kabatini yataanza kutoa mapovu, na utakuwa umepika pombe bila kukusudia. Usiku mmoja ndani ya friji unatosha. Ukiwa na haraka, yapike na juisi kwenye moto mdogo dakika kumi, yafunike, yaache yapoe kabisa ndipo uchanganye. Yakiwa na moto yatayeyusha siagi yote.

Hapo kwenye siagi ndipo wengi wanapoanguka.

"Siagi itoe nje ilainike kwanza."

Siagi hupigwa na sukari ili ishike vitobo vidogo vidogo vya hewa, na kazi hiyo huifanya vizuri ikiwa kwenye nyuzi 18 hadi 20 hivi: inabonyea kwa kidole lakini haing'ai mafuta. Ikikaribia nyuzi 32 inayeyuka. Sasa itoe nje saa saba mchana hapa Malindi ukaoge, ukirudi utakuta mafuta. Sukari na mafuta ukivipiga hata saa nzima havishiki hewa, na keki itatoka nzito, chini imelowa.

Mimi naitoa kwenye friji, naikata vipande, nasubiri dakika chache tu, naipiga alfajiri kabla jua halijashika mabati. Bakuli likianza kupata joto naliweka juu ya sinia la maji baridi. Mayai pia nayatoa muda huohuo wa siagi, si usiku kucha.

"Zabibu zikipakwa unga hazizami."

Unga kidogo husaidia kunyonya majimaji, lakini kinachozishika zabibu ni uzito wa mchanganyiko wenyewe. Kwa bati la sentimita 20 mimi hutumia unga wa ngano gramu 250, siagi 225, sukari 225, mayai manne, na matunda makavu gramu 750. Ukichota kwa mwiko na kuugeuza, mchanganyiko unakawia kudondoka. Ukimiminika kama wa mkate wa mayai, matunda yatazama hata uyapake gunia zima la unga. Na chuja maji ya kuroweka, usimimine yote humo!

Beking pauda nayo ina uongo wake, kwamba ukizidisha keki itafura. Itafura kweli, halafu itabonyea katikati, matunda yashuke, na ulimini ubaki uchungu. Nusu kijiko cha chai yatosha kwa kipimo hicho. Kama umenunua unga uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani, usiongeze kabisa.

"Viungo ni viungo, bizari ya pilau yafaa."

Haifai. Ina bizari nyembamba. Masala ya chai, ndiyo. Na karafuu, ziwe mbili tatu zilizosagwa, kwa sababu zikizidi ulimi hufa ganzi.

"Lazima matunda ya paketi kutoka duka kubwa."

Vile vipande vyekundu na vya kijani mnavyovilipia pesa nyingi, kule India hutengenezwa kwa papai bichi. Nami natengeneza vyangu. Namenya papai lililo gumu kabisa, naondoa mbegu, nakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, nachemsha mpaka vianze kupenyeza mwanga, kisha naviingiza kwenye shira ya sukari moto mdogo mpaka shira iwe nzito. Naweka maji ya kiazisukari nikitaka rangi nyekundu. Navitandaza kwenye sinia, nafunika kwa kitambaa cha wavu, navianika jua la siku mbili.

Tende nazo tumekuwa nazo tangu majahazi ya Arabuni yaliposhuka na upepo huuhuu wa kaskazi, kwa hiyo sielewi mtu wa pwani anayelia kukosa zabibu za kizungu. Njugu zikipanda bei, kuna kungu. Watoto huzigonga kwa mawe chini ya mikungu kila siku, na kokwa yake ladha yake inafanana na lozi. Usitie tu maembe wala nanasi yasiyokaushwa; huu ndio msimu wa embe ngowe na najua mkono unawasha, lakini maji yake yataiharibu keki. Yakaushe kwanza.

"Panettone ni keki hiihii, ya Kiitaliano."

Malindi ina Waitaliano wengi, kwa hivyo wateja huniletea boksi la panettone nioke mfano wake. Ile ni mkate wa Milano, unaumuliwa kwa chachu kwa saa nyingi, mwepesi, unachanika kwa mkono. Zinafanana zabibu tu.

"Bila oveni huwezi."

Keki yangu ya kwanza ya kuuza niliioka kwenye jiko la mkaa. Sufuria kubwa nzito, ndani yake mchanga wa mto Sabaki uliooshwa na kuchekechwa, unene wa vidole viwili, juu ya mchanga vijiwe vitatu, na bati la keki juu ya vijiwe. Bati nalizungushia karatasi ya gazeti mikunjo miwili kwa nje, na ndani karatasi ya kuokea. Nafunika, napalia makaa juu ya kifuniko.

Aliyezoea kuoka mkate wa mayai atakosea hapa, kwa sababu mkate wa mayai unataka moto mzuri juu na unaiva upesi. Keki ya matunda inataka moto wa uvivu. Kwenye oveni ni nyuzi 150 kwa muda wa saa tatu hivi. Kwenye mkaa, naacha makaa yafunikwe na majivu kwanza, na vifuu sitii, vinawaka kwa hasira. Nikiweka kiganja juu ya kifuniko, mbali kidogo, niweze kuhesabu polepole mpaka sita kabla ya kuuondoa mkono. Saa mbili na nusu zikipita nachoma kijiti mahali patatu, kwa kuwa kijiti kikigusa zabibu hutoka na utomvu ukadhani keki mbichi.

"Ifunge ingali moto, ibaki laini."

Hii imenigharimu. Mwaka mmoja nilikuwa na keki sita za kupeleka, nikachelewa, nikazifunga kwenye foili zikiwa na uvuguvugu. Mvuke ukageuka matone ndani ya foili. Siku ya nne mteja akanipigia. Juu ya keki kulikuwa na manyoya ya kijani. Nilimrudishia pesa zake na haki yake. Siku hizi keki inalala wazi juu ya wavu usiku kucha, imefunikwa kitambaa chembamba tu, ndipo asubuhi inafungwa.

Na wale wanaosema keki tamu ni ya siku hiyohiyo, kwa hii wanakosea. Siku ya kwanza ni kavu kidogo na viungo vinagombana. Siku ya tatu unyevu wa matunda umeshaingia kwenye unga, kisu kinapita bila kubomoa. Kwa hivyo naoka tarehe 20 au 21. Isiyo na pombe sipitishi siku tatu nje ya friji mwezi huu.

Freza ndiyo kabati letu la baridi. Mwaka jana nilificha robo moja nyuma ya samaki, imefungwa mara tatu. Niliitoa mwezi wa Machi, mawingu ya masika yakianza kujikusanya, nikaikata na kahawa chungu ya tangawizi, mimi na yule mama wa ukuta kwa ukuta.