Kabla Motahomu Haijang'oka: Upepo, Slaidi, Kisha Jeki

Wenye motahomu (magari ya kuishi ndani) kubwa za dizeli hapa Arizona huniuliza swali moja kuliko mengine yote: asubuhi ya kuondoka, nianze kupandisha jeki au nianze kurudisha slaidi? Jeki ni miguu inayolisawazisha gari likiegeshwa, na slaidi ni kipande cha chumba kinachosukumwa nje ya ukuta. Nawaambia waanze na upepo. Washa injini kwanza.

Kompresa inaendeshwa na injini, na ile mipira ya upepo iliyobeba chasisi haijai kama matangi ya upepo hayana kitu. Halafu kuna umeme. Mota ya slaidi hula umeme mwingi kwa mkupuo, na betri iliyokesha ikiendesha feni ya hita huamka imechoka. Mota ikipata umeme hafifu hupata moto, na inaweza kukwama nusu ya njia. Injini ikinguruma, oltaneta inaleta karibu volti 14. Majirani wa kambini watanuna kwa kelele. Wanune kidogo. Subiri geji ya upepo ipande mpaka kompresa ikate yenyewe, kwa kawaida karibu na psi 120 (kipimo cha shinikizo).

Sasa slaidi, jeki zikiwa bado chini. Gari likikaa sawa, tundu la ukutani limenyooka na slaidi inaingia bila kusugua. Ukitoa jeki kwanza, chasisi inajipinda kufuata ardhi, na slaidi inaanza kukwaruza kona moja. Wapo watengenezaji wanaoagiza kinyume cha haya. Kitabu cha gari lako kikisema hivyo, kifuate hicho, si mimi. Kabla ya kubonyeza, panda ngazi utazame juu: majani, vijiti, na ukiwa huko juu Flagstaff wakati wa baridi, barafu. Ndani, sogeza mbele kiti cha dereva, funga droo, angalia kama kuna kiatu sakafuni. Na kama slaidi yako ina mota mbili, moja kila upande, usiachie kitufe pindi ukuta unapogusa. Shikilia mpaka mota zote mbili zisimame zenyewe, la sivyo upande mmoja utabaki nyuma na kesho utaingia kombo.

Jeki ndizo za mwisho, na hapa ndipo watu wanapoharakisha. Ndugu zangu mnaoendesha malori mnazijua vali za kimo: kijiti kimeshikwa kwenye ekseli, vali yenyewe iko kwenye chasisi. Chasisi ikishuka, kijiti kinainuka na upepo unaingia kwenye mipira. Chasisi ikipanda, upepo unatolewa. Kwenye lori mambo yanaishia hapo. Motahomu iliyoinuliwa na jeki, vali inaiona kama gari lililopanda mno, basi inamwaga upepo. Tena mifumo mingi humwaga upepo makusudi kabla jeki hazijashuka. Kwa hiyo unapozirudisha jeki, gari linaangukia mipira iliyonywea na kukalia vizuizi vya mpira. Matangi yaliyojaa hayabadilishi hilo papo hapo. Upepo unapita kwenye vali kidogo kidogo, na nyuma ndiko huchelewa zaidi kwa sababu uzito wa injini uko huko.

Ukiondoka wakati huo, matairi yanaweza kusugua kingo za bodi, na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inazunguka kwa pembe isiyo yake. Kwa hiyo subiri. Taa ya jeki ikizimika kwenye dashibodi, usiiamini peke yake: shuka uzunguke gari, uione kila jeki kwa macho, kisha pima nafasi kati ya tairi na bodi kushoto na kulia. Mimi huweka alama ya rangi kwenye ufito wa kupimia ili nisikisie.

Jambo moja la jana yake, siku ya kuegesha: usiinue magurudumu ya nyuma hewani wakati wa kusawazisha. Handibreki ya magari haya inashika magurudumu ya nyuma tu. Yakining'inia, hakuna kinacholizuia gari lisiteleze kutoka kwenye jeki. Nyuma kukiwa chini mno, pandisha tairi juu ya mbao.

Kwenye mchanga wa jangwani kule Quartzsite, sahani ya jeki huzama na kushikwa, na asubuhi ya baridi oili ya haidroliki huwa nzito, hivyo springi zinavuta polepole. Ipe jeki muda, kisha futa vumbi kwenye fimbo yake na upulize silikoni kavu. Ikiwa kona moja bado imelala baada ya dakika kumi, huenda kijiti cha vali kimekatika au mpira unavuja. Usijipenyeze chini kuangalia. Gari lililobebwa na upepo au jeki peke yake linaweza kushuka ghafla. Zima injini, umwite fundi mwenye stendi za chuma.