Je, wajua kwa nini swali "nyumbani mnaongea lugha gani?" halitoshi Moshi wala Arusha?

Sensa zetu huuliza kama mtu anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili, Kiingereza, vyote viwili au lugha nyingine. Lugha ya mazungumzo ya nyumbani haimo, na kabila liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Shule au kanisa likitaka kujua watu wake wanaongea nini, lazima liulize lenyewe. Likiuliza kwa mkato, nyumba nyingi zitajibu: "Kiswahili."

Si uongo, ila ni nusu ya jibu. Nyumba ya Marangu, bibi anamsemesha mjukuu Kivunjo, yaani Kichagga cha huko. Mjukuu anaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiswahili. Baba akiwa wa Machame na mama wa Rombo, Kiswahili kinatawala hata kati yao, maana Kimachame na Kirombo, ingawa vyote huitwa Kichagga, havisikilizani kirahisi. Usikisie kwa kabila wala kwa ujirani pia: Kimeru cha Tengeru ni Kibantu, ndugu wa Kimachame, ilhali Kiarusha cha Ilboru hapo jirani ni Kimaa, kama Kimaasai.

Kwa hiyo uliza kwa jozi: fulani akimsemesha fulani, anatumia lugha gani? Kaya ya watu watano ina majibu 20, kwa sababu anayesemeshwa huenda akajibu kwa lugha nyingine. Watoto waulize wenyewe, la sivyo baba atawajibia wote. Na usiseme "kwa kawaida". Neno hilo huleta jibu la heshima. Uliza jana jioni wakati wa kula ilikuwaje.

Kiingereza ndicho kinachopotosha zaidi. Ukiuliza "unakijua?", wengi watasema "kidogo tu", na hicho kidogo hakifanani. Mpagazi wa Kilimanjaro anaweza kumwambia mgeni apunguze mwendo, anywe maji, ateremke kichwa kikizidi kuuma. Mpe fomu ya benki, atakwama. Aliyemaliza kidato cha nne amesoma baiolojia kwa Kiingereza miaka minne, lakini huenda hajawahi kumwelekeza mtu njia kwa lugha hiyo.

Pima kwa kazi, tena faragha, majirani wasisikie. Kusikiliza: msomee mara mbili maelekezo ya kutoka stendi hadi hospitali, kisha akueleze. Kusoma: mpe karatasi ya dawa, umuulize vidonge vingapi kwa siku. Hapo aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili. Ukimlazimisha Kiingereza umepima kuongea, si kusoma. Kuongea: akuelekeze dukani. Kuandika: sentensi tatu kwa mwalimu kuhusu mtoto aliyekosa shule.

Kwa upande wa Moshi, epuka wiki mbili za mwisho za Desemba. Wachagga wa Dar es Salaam wanakuwa wamepanda nyumbani kwa Krismasi, na jedwali lako litajaa watu ambao Januari hawapo.