Je, jiwe la urani linaweza kulipuka?

Wengi huamini kwamba urani ikitoka tu mgodini tayari ni bomu: ukiligonga jiwe lake au ukilitia motoni, mji mzima unateketea. Imani hiyo inaeleweka, maana sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo.

Lakini madini yale hayakulipuka njiani. Yalivuka bahari kwa meli, na zaidi ya tani 1,000 zikakaa ghalani Staten Island, New York, zimetiwa kwenye mapipa ya chuma.

Siri iko kwenye hesabu. Kilo 1,000 za urani asilia zina takriban kilo 7 tu za aina ya 235, ile inayohitajika kwa bomu. Karibu yote iliyobaki ni 238. Kuzitenganisha ndiko kulikomeza kama dola bilioni moja za serikali na kuhitaji viwanda vikubwa vya Oak Ridge, Tennessee. Hata kinu cha kwanza cha nyuklia, kilichowashwa Chicago tarehe 2 Desemba 1942 kwa urani asilia na matofali ya grafiti, siku hiyo kilitoa nusu wati. Tochi ya mkononi inakishinda!

Ukisikia mtu anauza au anaogopa “urani ya bomu”, uliza: ina asilimia ngapi ya 235? Ensaiklopidia yoyote nzuri itakuonyesha kuwa ya asili ni 0.7, ya vinu vingi vya umeme ni 3 hadi 5, na ya bomu la Hiroshima ilikuwa kama 80.

Jiwe lenyewe si la kuchezea, hata hivyo. Vumbi lake na gesi ya radoni, isiyo na harufu, huharibu mapafu ya wachimbaji.