Hiyo ni Ngozi, Si Mafuta

Juzi tena. Mama wa makamo kaingia, kaketi, hata sijamaliza kumwamkia kapandisha dera na kulishika tumbo kwa mikono miwili. "Mwanangu, nimetoka kilo 118 mpaka 74, na hili bado. Nipe mazoezi ya kulimaliza." Nikamuuliza anakula nini. Uji asubuhi, tango jioni. Mwezi wa pili huo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga, na ombi hilo nimelisikia mpaka limenichosha. Kinachoning'inia baada ya kupungua mara nyingi ni ngozi, na mazoezi hayaunguzi ngozi. Mafuta ni akiba, mwili huyatumia ukipungukiwa chakula. Ngozi si akiba. Hata ukimbie kutoka Ngamiani hadi Raskazone kila alfajiri, itabaki pale pale.

Jibane tumbo kwa vidole. Kikunjo chembamba, laini, kinachojikusanya kama khanga iliyofuliwa mara nyingi, hicho ni ngozi. Kikijaa vidoleni, ndani mna mafuta bado. Wengi wana vyote viwili pamoja, na chini ya kitovu hasa nami hukosea: mtu akisimama naapa ni ngozi tupu, akilala chali naona sivyo.

Ndani ya ngozi mna nyuzi za kolajeni zinazoipa uimara, na za elastini zinazoirudisha ikivutwa. Elastini nyingi tulitengenezewa tukiwa tumboni na utotoni. Ukubwani mwili huongeza kidogo mno. Ngozi iliyovutwa miaka ishirini ni kama lastiki ya sketi kuukuu. Umri, sigara, jua, mimba na wingi wa kilo zilizotoka, vyote vina sehemu yake. Kijana aliyenenepa kwa muda mfupi kwa kawaida hurudi vizuri. Mama wa uzazi wa tano aliyekuwa mnene tangu usichana, sitamdanganya. Walio katikati siwezi kuwabashiria. Nimewahudumia wawili wa rika moja, waliopungua karibu sawa. Mmoja tumbo likatulia, mwenzake likaning'inia, na sababu siijui. Nawaambia tu wasubiri mwaka, hata miwili, tangu uzito utulie, kabla ya kukata shauri.

Liwa, singo na mafuta ya nazi hulainisha juu. Nyuzi ziko chini zaidi. Na kufunga tumbo kwa khanga, ambako kila shangazi hukuapia: khanga hulishikilia tumbo, hupunguza msuguano, na ukitembea unasikia raha. Funga kwa ajili hiyo. Ukiifungua, tumbo ni lile lile. Ngozi iliyozidi huondolewa kwa upasuaji, wenye kovu refu kutoka nyonga hadi nyonga, na hilo ni la kuzungumza na daktari wa upasuaji.

Ninachokiogopa ni hilo tango la jioni. Anayejinyima ili amalize ngozi anamaliza misuli. Paja likikosa nyama ndani, ngozi huning'inia zaidi; naye akiona hivyo anazidi kujinyima. Nywele nazo hukatika miezi miwili mitatu baada ya kupungua kwa kasi, ingawa kwa kawaida huota tena ukila vizuri. Samaki, dagaa, mayai, kunde: kuleni, jamani.

Wenye presha na sukari, sikilizeni. Dozi uliyopangiwa ukiwa na kilo 118 yaweza kuwa kubwa mno kwa mwili wa sasa. Ukisikia kizunguzungu ukisimama, au ukitetemeka na kutoka jasho la ghafla, rudi kliniki wakupime upya. Usijipunguzie mwenyewe.

Na joto letu la kaskazi: mikunjo ikausheni vizuri baada ya kuoga, vaeni pamba. Fangasi hupenda unyevu.

Yule mama nilimwambia ainuke kitini bila kushika popote, mara kumi. Ya sita magoti yakatetemeka, akakaa. Akaniangalia muda mrefu, mkono bado uko tumboni.

"Kumbe nimeisha huku," akasema, akijigusa paja.

"Ndiyo, mama. Tuanzie hapo."

Akashusha dera. Akaniuliza kama samaki changu afaa kwa mchuzi wa nazi, au ni mpaka achomwe.

Nikamwambia apike anavyopenda, ilmradi ale.