Seva ya bekapu ya biti 32: hofu ya kweli na hofu ya bure

Debian 13, toleo la mfumo endeshi wa Linux, ilitoka Agosti 9, 2025 bila kerneli (kiini cha mfumo) wala kisakinishi cha mashine za biti 32 za ukoo wa i386. Wenye mashine hizo wameshauriwa wasipandishe toleo, bali wasakinishe upya mfumo wa biti 64 au waistaafishe mashine. Kwa anayeendesha Bacula, programu ya bekapu za mtandao, kwenye kompyuta kuukuu iliyofichwa chini ya meza, maneno mengi yanasemwa, na mengi si kweli.

“Mashine yangu ya zamani, biti 64 haiziwezi.” Umeiuliza? AMD ilianza kuuza prosesa za biti 64 za aina hii mwaka 2003. Seva nyingi tunazoziita za biti 32 ni za biti 64 zilizosakinishiwa mfumo wa biti 32, kwa sababu CD iliyokuwepo siku hiyo ndiyo hiyo. Usidanganywe na `uname -m`, maana inataja kerneli inayoendeshwa tu. Andika `lscpu`, ukiona `32-bit, 64-bit` kwenye mstari wa op-mode, huna haja ya kununua kitu.

“Tofauti ni kasi tu.” Tofauti kubwa ni kumbukumbu. Anwani za biti 32 ni 4,294,967,296 basi, yaani GB 4, na kwenye Linux programu moja kwa kawaida haivuki GB 3 hata ukijaza RAM kiasi gani. Programu inayotafuta vipande vinavyojirudia ili isivihifadhi mara mbili hubeba faharasa kubwa kichwani, na hapo ndipo inapokwama.

“Kompyuta zote za ofisi nazo zibadilishwe.” Hapana. Kwenye Bacula, dairekta (programu inayosimamia kazi zote) na sehemu ya uhifadhi lazima ziwe toleo moja, lakini programu ya upande wa mteja inaruhusiwa kuwa ya zamani zaidi. Ile kompyuta ya mhasibu isiyoguswa na mtu inaweza kungoja.

“Bekapu za miaka yote hazitafunguka.” Zitafunguka. Volyumu za Bacula, yaani faili au tepu zinazobeba bekapu, husomeka hata zikihamia mashine ya usanifu mwingine. Cha kuogopa ni katalogi, ile hifadhidata inayokumbuka faili gani imelala kwenye volyumu ipi. Ikiwa iko kwenye PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, usinakili folda yake ya data kuipeleka seva mpya, kwani muundo wake wa kwenye diski hufuata usanifu wa mashine, na hifadhidata itakataa kuwaka. Itoe kwa `pg_dump` seva ya zamani ingali hai, kisha uirejeshe upande wa pili.

Rafiki yangu mmoja alinakili folda, akaona ukubwa wake unalingana, akaifuta diski ya zamani jioni ileile. Asubuhi PostgreSQL ikagoma. Volyumu zake zote zilikuwa nzima, ila hakuna aliyejua ndani yake kuna nini. Ikabidi azipitishe kwenye `bscan`, moja baada ya nyingine, ili ajenge katalogi upya. Siku ya tatu bado alikuwa anaitazama skrini, na mhasibu amesimama mlangoni anauliza faili lake la Juni.