Uvimbe wa titi usiouma: maswali ninayoulizwa kliniki

Vichocheo vya ukuaji mnavyovitaja kwenye saratani ya titi ni nini?
Ni protini ambazo seli hutumia kuambizana: gawanyika, komaa, tulia. Kichocheo hakiingii ndani ya seli hivihivi. Hupiga hodi kwenye kipokezi, protini iliyojikita kwenye utando wa seli, nusu nje na nusu ndani, nacho hupeleka habari hadi kwenye kiini. Stanley Cohen, mwanasayansi wa Marekani, aliona vitoto vya panya vilivyodungwa sindano ya dutu fulani vikifumbua macho mapema kuliko wenzao. Dutu hiyo ilikuwa kichocheo cha ukuaji. Mwaka 1986 yeye na Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel.

Mtoto tumboni hujengwa kwa mazungumzo hayo. Matiti ya msichana huota kwayo, na kidonda hufunga kwayo.

Mazungumzo hayo yanahusianaje na saratani ya titi?
Chukua kipokezi kiitwacho HER2. Kwa kawaida kipo kwa kiasi kwenye seli za titi. Katika takriban saratani 1 kati ya 5 za titi, jeni yake hujirudufu mara nyingi, na utando wa seli hujaa vipokezi hivyo. Vikisongamana hivyo, hushikana vyenyewe na kutuma amri ya kugawanyika bila kungoja hodi ya mtu. Ndiyo maana uvimbe wa aina hii hukua haraka.

Uvimbe wangu hauumi. Si nisubiri kwanza?
Hapana. Usisubiri.

Swali hili ndilo linaloniumiza. Akina mama wengi ninaowapokea na kidonda kinachotoa usaha na harufu huniambia neno lilelile: "Ulikuwa hauumi." Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi. Seli zinagawanyika kimyakimya, wewe unakwenda shamba, unakwenda sokoni, unalala usingizi mzuri. Kutouma si dalili ya usalama.

Ni kweli kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini hilo huambiwi na vidole vyako, wala na jirani. Unaambiwa na kipimo.

Basi nikishaanza kuumwa ndiyo nije?
Hapana, mama. Umeugusa leo, njoo wiki hii. Na ukiona chuchu imeingia ndani ambayo haikuwa hivyo, inatoa damu, ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, au kuna kinundu kwapani, njoo hata kama hujahisi uvimbe wowote.

Mama mkwe anasema tuukande kwa maji ya moto na dawa za mizizi kwanza.
Nawaheshimu sana wazee wetu. Ila hakuna mzizi wala maji ya moto yanayozima kipokezi kilichokwisha kuasi. Kukanda hakuondoi kitu, kunakula miezi tu. Vivyo hivyo antibayotiki za duka la dawa ulizomeza mara tatu "kwa sababu ni jipu". Maombi fanya, nami nitasema amina, lakini yafanye ukiwa njiani kuja hospitali.

Kuchoma sindano kwenye uvimbe hakuamshi saratani?
Hakuamshi. Kinachoitwa "kuamka" ni saratani ambayo ilikuwa inakua tangu zamani, na mgonjwa akaletwa akiwa amechelewa. Sindano ndiyo inayotoa kinyama cha kupimwa.

Mimi uvimbe ulikwisha kutolewa, nikapona. Kuna tatizo?
Majibu ya maabara yako wapi? Mara kwa mara napokea mtu mwenye kovu na uvimbe mpya pembeni yake, nikiuliza kinyama kilipelekwa wapi, naambiwa kilitupwa. Kuutupa uvimbe wa titi bila kuupima ni kosa, na namwambia hivyo hata mtumishi mwenzangu. Dai kinyama kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kipelekwe maabara, na majibu upewe mkononi.

Kwa nini mnapima vipokezi?
Kwa sababu dawa hufuata kipokezi. Uvimbe wenye vipokezi vya homoni ya estrojeni hutibiwa kwa vidonge kama tamoksifeni, kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Usiviache kwa kuwa unajisikia vizuri. Wenye HER2 nyingi una dawa yake, trastuzumabu, kingamwili inayokamata kipokezi hicho. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. HER2 husaidia pia moyo, tangu unapojengwa tumboni, na dawa inayoikamata yaweza kuudhoofisha moyo, kwa hiyo tutakupima moyo kabla ya dawa na katikati ya matibabu. Ukiitwa kwa kipimo hicho, usikikwepe.

Niende wapi?
Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Kwa Tanzania, saratani hutibiwa katika hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Beba karatasi zote za vipimo. Na kama bado unajiuliza, kwa kuwa hauumi: njoo wiki hii.